Boti hununuliwa majini, si mchangani

Maswali ya wasomaji

Barua za toleo hili zote zinahusu boti kuukuu za uvuvi wa ziwani: wanaotaka kununua, na walioshanunua na sasa zinawatoa jasho. Tumezifupisha. Bei hatukuziandika, kwa kuwa hutofautiana kutoka mwalo (ufukwe wa kushushia samaki) hadi mwalo na hushuka wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, boti ziko nchi kavu na mifuko ya wenye boti imekauka. Siku hizo ndizo za kwenda kutafuta.

*Habari za kazi, mafundi. Nimepata boti ya mbao ya mita 7.5, ilikuwa ya nyavu za sangara. Ina miezi miwili juu ya mchanga. Muuzaji anasema haina tatizo, ni kalafati tu. Lakini nikiinama ndani naona mwanga unapita kwenye mishono. Niichukue? – Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Mwanga peke yake usikutishe, ndugu. Ubao uliokaa juani miezi miwili hunywea, mishono ikafunguka kiasi cha kupitisha ukucha, na boti iliyo nzima hujifunga ikirudi majini. Hatari iko kwenye hilo neno "kalafati tu". Fundi akishindilia pamba kwenye boti kavu hadi mshono ukajaa, mbao zikilowa hutanuka na hazina pa kwenda. Husukumana, zikang'oa misumari kwenye mbavu. Siku tatu za kwanza utasifu kazi yake, ya nne boti inavuja mahali ambapo haikuwahi kuvuja. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, mwombe muuzaji mambo mawili: uichokonoe ikiwa kavu, kisha uiloweshe.

Kwa kuchokonoa unahitaji bisibisi bapa, nyundo ndogo na tochi. Watu hukimbilia chini, kwenye mkuku (uti wa mgongo wa boti), wakidhani ubaya uko kwenye maji. Ziwani si hivyo. Hatuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na ubao unaolala majini muda wote huoza polepole sana. Kinachoozesha boti ya ziwa ni maji ya mvua yanayotuama ndani, na sehemu zinazolowa na kukauka kila siku. Anzia juu, basi. Chokonoa ubao wa nyuma unaobeba mashine, hasa ukingo wake wa juu na kuzunguka matundu ya bolti. Nenda kwenye vichwa vya mbavu vinapokutana na ubao wa ukingo, chini ya mabenchi, na ile pembe ya ndani ya omo (mbele ya boti) ambako magamba na uchafu hujikusanya. Malizia nje, kwenye mstari wa maji. Bisibisi ikiingia milimita mbili au tatu kwenye ubao laini, sawa. Ikizama sentimita nzima bila kuisukuma kwa nguvu, ubao umekwisha. Nyundo nayo husema: ubao mzima hulia ko, uliooza hulia bu.

Misumari ndiyo inayosahaulika. Msumari wa chuma ukishika kutu hugeuza ubao unaouzunguka kuwa mweusi na laini, na hapo mbao na mbavu zinashikana kwa mazoea tu. Shika vichwa kadhaa kwa koleo, ujaribu kuvizungusha. Mmoja kati ya kumi ukizunguka, utapigilia mpya pembeni (si kwenye tundu lile lile). Ikizunguka nusu, boti hiyo inataka kufumuliwa yote, na kuifumua na kuisuka upya kunaweza kugharimu karibu na boti mpya. Mabati yaliyopigiliwa juu ya mishono ni desturi ya mialo mingi na si kosa, ila omba kufungua mawili matatu uone yanaficha nini. Rangi iliyopakwa wiki hii nayo ni sababu ya kuchokonoa mara mbili.

Halafu vuta uzi kutoka omo hadi nyuma chini ya mkuku. Ukiona umepinda zaidi ya sentimita mbili kwa urefu huo wa mita 7.5, mgongo umelegea, au boti iliachwa muda mrefu juu ya magogo mawili tu.

Sasa kuilowesha. Isukumeni kwenye kina cha magoti, mpakie viroba vya mchanga mpaka ikae chini na maji yaingie, muiache siku mbili hadi tatu. Msijaze maji hadi juu boti ikiwa nchi kavu: mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na uzito huo husukuma mbao kwenda nje. Baada ya hapo toeni viroba, chota maji yote, iacheni ielee saa ishirini na nne, kisha pimeni yaliyoingia kwa ndoo ya lita 10. Ndoo mbili tatu kwa saa hizo zote ni boti nzuri. Ndoo moja kwa saa, kuna kazi ya kufanya lakini inafanyika. Mkiwa mnachota bila kupumzika, rudini nyumbani.

Ukishainunua, ipandishe, mimina maji kina cha sentimita 15 tu ndani, uzunguke nje na chaki. Kila penye tone, weka alama. Hapo ndipo pa kukalafati, na si pengine. Mwaga maji, acha uso wa ubao ukauke kivulini siku moja, kwangua mshono, pitisha rangi ya mafuta ndani yake kwanza ili pamba ishike, kisha ingiza uzi wa pamba kwa patasi butu, ukiacha nafasi ya milimita tatu juu kwa ajili ya puti. Pamba ikae imara, isipigwe kama kabari.

Mbao mbili au tatu za ubavuni zikiwa mbovu, hilo ni jambo la kupunguziana bei. Ubao wa nyuma ukiwa mbovu, nao hubadilishwa. Mkuku uliooza ni kuni.

*Mafundi, nauziwa boti na mashine yake ya farasi 15 kwa pamoja, bei moja. Mashine inawaka mara moja ikivutwa. Nifanye nini zaidi ya kuiwasha? – Msomaji, Musoma*

Kwanza zitenganishe. Mwambie muuzaji ataje bei ya boti na bei ya mashine, kila moja peke yake. Akikataa, kimojawapo kinabebwa na mwenzake.

Fika bila kutoa taarifa ya saa, na kabla ya kitu chochote weka kiganja kwenye kichwa cha silinda. Kikiwa na joto, mashine imewashwa kabla hujafika, na mashine iliyopashwa moto huwaka hata ikiwa imechoka. Rudi kesho yake. Ikiwa baridi, fungua kofia usome kibao cha namba kwenye klampu ya kufungia. Kofia na stika hubadilishwa kwa dakika moja, na kuna mashine za farasi 9.9 zenye bloku ile ile ya 15, hivyo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Namba ya kwenye kibao ifanane na ya kwenye risiti. Kibao kikiwa kimebanduliwa au kukwaruzwa, usiendelee na mazungumzo. Wizi wa mashine ziwani ni jambo la kila siku na wewe ndiye utakayekutwa nayo.

Kabla ya kuwasha, legeza skrubu ya chini ya giaboksi. Mashine iliyolala usiku kucha bila kuwashwa hutenganisha maji na oili, na maji hukaa chini. Kikitangulia kutoka kijiko cha maji, sili imekatika. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana hiyo hiyo. Kwenye boti za uvuvi sababu ni ile ile karibu kila mara: uzi wa nyavu au wa ndoano huingia nyuma ya propela, hujiviringisha kwenye shafti na kuikata sili taratibu. Toa propela mbele ya muuzaji, utazame. Sili yenyewe ni kitu kidogo. Ila kama boti imekimbia miezi na maji kwenye gia, bearingi na meno vimeliwa, na hapo gharama si ndogo. Pitisha sumaku kwenye oili uliyoimwaga: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande vinavyosikika kwenye kucha si kawaida.

Baada ya hapo kompresheni. Toa plagi zote mbili, ziunganishe na bodi ya mashine ili moto usiruke ovyo, funga geji kwenye tundu la kwanza, fungua resi yote, uvute kamba mara nne au tano kwa nguvu. Andika. Rudia tundu la pili. Namba yenyewe hutegemea geji na mkono wa mvutaji, kwa hiyo tazama tofauti: 110 na 105 ni ndugu, 110 na 80 maana yake silinda moja ina ringi zilizokufa au pistoni iliyochunika, mara nyingi kwa kuwa mashine iliwahi kuchemka. Tazama na plagi ulizotoa. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi yenye mafuta ni mchanganyiko mzito wa oili au safari za polepole. Nyeupe yenye vipovu vya chuma ni mashine iliyoungua.

Sasa iwashe, ndani ya pipa la maji, maji yakizidi bamba la juu ya propela kwa sentimita kumi hivi. Ndani ya sekunde chache iwe inakojoa maji ya kupozea, mkondo wa kutosha, si wa kudonda. Iache iunguruме bila resi (sailensa) dakika kumi. Gusa kichwa: kiganja kikae sekunde mbili tatu bila kukimbia. Ingiza gia mbele, nyutro, nyuma; isiruke wala kugonga.

Pipa halitoshi, hata hivyo. Mashine mbovu nyingi ni nzima kwenye pipa. Nendeni ziwani nusu saa, watu watatu ndani, resi kamili dakika tano mfululizo. Ikishika vizuri kisha ikalegea baada ya dakika mbili, ni petroli isiyofika: bomba lililopasuka, kile kipira cha kupampu kilichochoka, au kabureta chafu, na hayo ni madogo. Ikiongeza mlio bila kuongeza mwendo, raba ya ndani ya propela imeachia. Ikizima yenyewe ikiwa ya moto na kukataa kuwaka mpaka ipoe, acha. Huo ugonjwa humla mnunuzi wa kwanza, wa pili na wa tatu.

*Nimehamisha mashine kutoka boti moja hadi nyingine. Kule ilikuwa nzuri, huku kwenye mawimbi inapiga kelele na boti haisogei. Propela ni nzima. – Msomaji, Sengerema*

Propela inakamata hewa. Mashine za kupachika zina shafti fupi, ya ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15 (sentimita 38), na ndefu, ya inchi 20 (sentimita 51). Pima kutoka ukingo wa juu wa ubao unapofungia klampu hadi chini ya boti. Lile bamba la juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti au sentimita mbili na nusu chini yake. Likiwa juu, wimbi likipita propela hubaki hewani, mashine hupaa mlio, na kila mlio kama huo unakula ringi. Likiwa chini mno, boti inaburuza, inakula petroli, na maji hurukia ndani.

Kama ubao wako mpya ni mrefu, ukate kwa kipimo, usitie kiraka juu ya kiraka. Ukatapo, paka uso uliokatwa rangi mara tatu, kwa sababu huko ndiko maji yatakakoingilia. Unene wa ubao usipungue sentimita nne, na ndani yake pawe na mhimili unaoufunga kwenye mkuku na mbavu. Mashine ya farasi 15 ya mizunguko miwili ina kilo 36 hivi, lakini ikisukuma ni kama watu wawili wanaouvuta ubao huo usiku kucha. Skrubu za klampu peke yake hulegea kwa mtikisiko. Toboa bolti mbili zipite, uweke washa pana upande wa ndani na silikoni kwenye matundu, kisha funga mnyororo au kamba ya unene wa kidole kutoka kwenye mashine hadi kwenye mbavu. Wanaoicheka hiyo kamba ni wale ambao mashine yao bado haijaanguka.

Na mwisho, bei nzuri ya mashine yenye farasi wengi isikuvute. Boti ya mita 6 yenye kifua chembamba haifai kubeba farasi 40. Nyuma itazama, omo itainuka, na ukipunguza resi ghafla wimbi la nyuma litaingia ndani.

*Huku Mbita tunachanganya petroli na oili kwa macho. Plagi zangu zinakufa kila wiki mbili. Kosa ni nini? – Msomaji, Kaunti ya Homa Bay*

Macho ndiyo kosa. Mashine nyingi za mizunguko miwili za kizazi hiki huchanganywa 50 kwa 1, lakini soma kitabu au stika ya mashine yako. Kwa 50 kwa 1, mtungi wa lita 20 unataka mililita 400 za oili, na lita 5 zinataka mililita 100. Nunua kikombe chenye mistari. Mimina nusu ya petroli, tia oili yote, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Oili iwe ile iliyoandikwa TC-W3, ya mashine za boti. Ya pikipiki ina viungo vinavyoacha majivu, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo na yenye joto kubwa kuliko yako. Ndiyo hiyo inayokaanga plagi na kuziba njia ya moshi.

Plagi yenyewe angalia namba. Yamaha 15 nyingi za mizunguko miwili hutumia NGK B7HS-10, uwazi wa milimita moja. Ukifunga yoyote inayoingia kwenye tundu, hata petroli safi haitakusaidia.

*Kuna boti ya faiba ya mita 5 ilikuwa ya hoteli, nyepesi, bei nzuri. Inafaa nyavu? – Msomaji, Muleba*

Inafaa kwa ndoano na nyavu chache karibu na visiwa, kukiwa na upepo mdogo. Boti za matembezi zina ukingo mfupi na sakafu ya kutembelea, si ya kurundika nyavu zilizolowa. Ikiwa na mzigo wote na watu wote, pima ukingo kutoka majini: usipungue sentimita 30.

Ukaguzi wake ni wa sarafu. Gonga kila sehemu kwa ukingo wa sarafu. Mlio mkavu ni faiba iliyoshikana, mlio mzito maana yake tabaka zimeachana au kuna maji ndani. Gonga zaidi ubao wa nyuma, kwa kuwa mara nyingi ndani ya faiba kuna mbao, na maji yaliyoingilia kwenye tundu la bolti huiozesha bila dalili nje. Simama, shika mashine iliyoinamishwa juu, itikise: ubao ukicheza, umeoza ndani. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi ni za rangi ya juu tu. Ufa unaoingiza wembe ni wa kukwanguliwa, kukaushwa hadi unyevu uishe kabisa, na kuwekewa tabaka tatu za faiba na rezini, kila moja pana kuliko ya chini yake. Rezini juu ya unyevu haishiki hata kidogo.

*Tunaanza dagaa, boti ya mita 9 tumeshapata. Tunataka kuacha karabai. Betri na sola za ukubwa gani? – Wasomaji wanne, Bunda*

Hesabu ni nyepesi kuliko wauza duka wanavyoifanya. Taa moja ya wati 10 ikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 100. Betri ya volti 12 na ampea-saa 18 ina wati-saa 216, lakini betri ya risasi na tindikali haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo unayo 108. Betri moja ya ukubwa huo kwa kila taa, basi. Kuijaza mchana mmoja wa jua, paneli ya wati 40: saa tano za jua la kweli ni 200, toa upotevu, inabaki 140 hivi. Siku za mawingu hazitoshi, na msimu wa masika mtakuwa na betri ya akiba au mtachaji kwa umeme.

Kinachoua taa hizi si wati, ni maji. Maungio ya nyaya yasikae ndani ya kielea kinachobeba taa. Pakaeni grisi kwenye vichwa vya betri, na kila betri iwe na fyuzi yake. Betri ifungwe ndani ya boksi lisilopitisha maji na lenye mpini, kwa kuwa mtaishusha na kuipandisha kila siku. Kiwango cha mwanga kinachoruhusiwa ulizeni kwa Afisa Uvuvi kabla ya kununua, si baada.

Tundu dogo kabisa linaloruhusiwa kwenye nyavu ya dagaa nalo ulizeni kwake.

*Muuzaji anasema leseni ya boti bado ina miezi mitano, nitumie hiyo hiyo. Pia ananiongezea nyavu bure. – Msomaji, Magu*

Leseni ina jina la mtu, na jina hilo si lako. Boti za chini ya mita 11 hushughulikiwa na halmashauri, kwa Afisa Uvuvi. Nenda kwake na namba ya usajili iliyochorwa ubavuni kabla hujalipa, akuangalizie kama inalingana na daftari, ni ya nani, na kama ina kesi au faini. Halafu pita kwa viongozi wa BMU (kikundi kinachosimamia mwalo) wa mwalo ilikosajiliwa. Wao wanajua kama boti ina deni la petroli kwa mtu, au ina wenyewe wawili na mmoja hajui inauzwa. Mkataba uandikwe mbele ya serikali ya kijiji au mtaa, ukitaja boti, urefu, namba, na mashine kwa namba yake peke yake.

Hizo nyavu za bure zipime kabla ya kushukuru. Nyoosha tundu moja, pima kwa rula kutoka fundo hadi fundo: nyavu za makila (za kutega) ziwe inchi 6 au zaidi, yaani milimita 152. Zikiwa timba, za uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, hazina kipimo kinachoziokoa, zimepigwa marufuku. Doria ikizikuta ndani ya boti haiulizi nani alikupa, na boti na mashine huzuiliwa pamoja nazo. Usitie kamwe zawadi hiyo ndani ya mkataba.

*Tumemaliza kutengeneza, tunashuka majini wiki ijayo. Tusisahau nini? – Msomaji, Kisiwa cha Kome*

Majaketi okozi, moja kwa kila mtu na yavaliwe, yasikae chini ya nyavu. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati ambao nyavu ziko majini na watu wamesinzia. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) mchana, na mkiona radi upande mnaokwenda, acheni.

Nanga ya vidole vinne, kilo 6 hivi, mita mbili za mnyororo, na kamba mara tatu hadi tano ya kina. Kwenye mita 15 ni kamba ya mita 45 kwa uchache. Ifungwe omo. Boti iliyotiwa nanga kwa nyuma hupokea mawimbi pale ilipo fupi na nzito, na hujaa dakika chache.

Fungeni madumu sita matupu ya lita 20, yamekazwa vifuniko, chini ya mabenchi. Kila moja huelea na kilo 20 hivi, jumla 120. Mbao huelea, lakini boti iliyojaa maji na yenye mashine nyuma husimama wima, na hakuna pa kushika. Yafungeni kwa kamba imara kwenye mbavu, la sivyo yataruka na kuwaacha.

Petroli ni theluthi tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Mashine ya 15 ya mizunguko miwili ikikimbizwa hunywa lita 6 hadi 8 kwa saa. Makasia mawili hata mkiwa na mashine mpya. Ndoo mbili za kuchotea zilizofungwa kamba. Kwenye boksi dogo: plagi mbili, kifungulio cha plagi, impela ya pampu ya maji, kamba ya kuwashia, pini ya propela, koleo, kisu, tochi. Impela ibadilishwe kila mwaka kwa vyovyote, na msiwashe mashine kwenye kina kifupi chenye mchanga au katikati ya magugu maji. Mchanga huila, magugu huziba mahali pa kuvutia maji, na mkiacha kutazama kama inakojoa mtajua wakati pistoni imeshaganda.

*Sisi ni wa Kigoma. Tanganyika ikifungwa tena, tununue boti sasa au tusubiri? – Msomaji, Kibirizi*

Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi kama hicho boti hukaa juani miezi mitatu, kwa hiyo atakayeuza atakuonyesha boti kavu, iliyofunguka, na atataka pesa kabla ya ziwa kufunguliwa. Mpe malipo ya awali madogo kwa maandishi, sehemu kubwa ibaki hadi boti ilowe siku tatu. Ziwa lenu ni refu na mawimbi yake ni marefu kuliko ya Victoria. Kwenye kipe tazameni zaidi maungio ya miti inayounganisha mitumbwi miwili: bolti zilizolegea hapo huonekana kwa alama za kusuguana, mbao zikiwa na rangi mpya, nyeupe, kama zilizopigwa randa.